Papa Katikati ya Madawati

“Papa amekukosea nini?”

Mwalimu aliniuliza hivyo nikiwa darasa la saba, mbele ya wenzangu wote, nami nimesimama. Alikuwa ametaka kila mmoja wetu ataje mnyama anayemwogopa kuliko wote. Wengi walitaja nyoka. Mmoja akataja bata mzinga wa nyanya yake, tukacheka. Mimi nilitaja papa. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye kibanda cha video pale sokoni Iguhu, ambapo sauti ya mtafsiri ilikuwa kubwa kuliko sinema yenyewe. Bahari sikuwa nimeiona, na hakuna aliyekuwa ameiona darasani mle. Chumvi tuliijua ya pakiti.

“Anakulanga watu,” nilimjibu.

“Watu gani? Wa kwenu?”

“Hapana.”

“Basi kaa ufikirie. Ukipata jibu utaniambia.”

Sikulipata. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo kikuu kusoma viumbe wa majini, nikajifunza kushuku kila kitu ninachoambiwa, hata na watu ninaowapenda. Nilipomaliza nilipewa kazi katika kijiji kimoja cha pwani: kuzungumza na wavuvi na watoto wao kuhusu papa, wamwelewe badala ya kumwogopa na kumuua kila anapoonekana. Nusura niikatae. Kabla ya kujibu nilitaka kujua jambo moja, na jambo hilo lilimhusu Mwalimu. Je, aliyamaanisha aliyotufundisha, au ilikuwa rahisi tu kumpenda mnyama ambaye hangemfikia kamwe?

Alifundisha Sayansi. Jina lake silitaji, na wala hatukulitumia siku zile. Shule ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu kila mtu alijua unamsema nani, kana kwamba wale wengine walikuja pale kwa shughuli tofauti. Alikuwa mwanamke mrefu, akipita mlangoni aliinamisha kichwa hata pale ambapo mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Alivaa sweta la kijivu la mikono mirefu jua likiwaka, na alitembea polepole sana. Mtoto wa chekechea angeweza kumpita.

Kwetu mvua huja mchana, baada ya chakula. Ikianza kupiga mabati masomo yanakwisha, kwa sababu mwalimu anaweza kupaaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke na bado asisikike dawati la pili. Walimu wengine walikaa wakasahihisha vitabu wakingoja ipungue. Mwalimu aligeukia ubao akaandika kwa chaki ya buluu: TUKO CHINI YA MAJI.

Tulijua la kufanya. Tuliinamisha vichwa juu ya madawati na kufumba macho. Mara ya kwanza tulichekacheka, baadaye hatukucheka tena. Mlio ule wa mvua ulitufunika mpaka haukuwa mlio, ukawa uzito. Darasa lilikuwa na giza la kijani, kwa maana nje ya madirisha palikuwa na migomba na mwanga wote ulipitia kwenye majani yake. Nilihisi mikono yangu ikielea. Nilihisi dawati likiondoka taratibu, na Kakamega yote, pamoja na soko na kituo cha boda boda na msikiti na makanisa, ikiwa juu yangu mbali sana, mahali ambapo watu wanavuta hewa.

Kisha papa alipita.

Alikuwa Mwalimu, bila shaka. Alitembea katikati ya madawati kwa mwendo wake ule, na mkono wa sweta lake ukatugusa mabegani, mmoja baada ya mwingine, mguso mwepesi kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Sheria ilikuwa moja: usishtuke. Ulimhisi akija kabla hajafika. Moyo ulidunda, akakugusa, akaenda, na moyo ukatulia. Alituambia baadaye kwamba papa husikia mdundo huo kwa ngozi ya pua yake, hata mnyama akijificha mchangani. “Kwa hiyo hana haja ya kukutafuta,” alisema. “Alishajua uko hapo. Amepita tu.”

Mara moja nilifumbua macho. Siwezi kukaa na kitu bila kukihakiki. Nikamwona Mwalimu naye amefumba macho, anapita katikati yetu kwa kuhisi, uso wake umelegea kama wa mtu aliyelala, na mvua inamiminika nyuma yake dirishani. Nilifumba tena haraka. Mpaka leo sina hakika nilichokiona, na ndiyo sababu nimekikumbuka.

Mama yangu hakupenda mambo hayo. Anauza mitumba Kakamega mjini, na hakuna mteja aliyewahi kumdanganya.

“Huyo mwalimu wenu wa samaki,” alisema, “anawafundishanga bahari na hapa hata dimbwi la maana hatuna. Mtihani utauliza papa?”

“Hautauliza.”

“Basi?”

Nilimwambia tu yale niliyojifunza, nikimfuata jikoni akipika obusuma, ugali wetu. Kwamba papa hana mfupa hata mmoja, mwili wake wote umejengwa kwa kitu kama kile kilicho ndani ya sikio. Mama alishika sikio lake kidogo, akalipinda, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Kulikuwa na mwaka ambao kile kibanda cha video kilionyesha sinema ya papa wiki nzima, na haukupita muda ikasemekana kwamba kuna papa chini ya daraja la mto Yala. Mtu alikuwa ameona pezi. Mwingine alisikia mbwa wa jirani ametoweka. Wanawake wakaacha kufulia pale, waendesha boda boda wakawa wanavuka daraja kwa kasi bila kutazama chini, na mama yangu, yule asiyedanganyika, akanikataza kuchota maji.

Mwalimu alitupeleka mtoni darasa zima. Alivua viatu, akavipanga ukingoni, akaingia na sketi yake mpaka magoti, kisha mpaka kiunoni, sweta likaelea pande zote kama jani kubwa. Watu walijaa darajani.

“Madam, toka huko,” mwanamume mmoja alimwita. “Hiyo kitu haijui uko na digrii.”

“Sina digrii. Nina diploma. Mwambie aje.”

Alikaa mle majini muda mrefu, akitueleza kwa sauti ya kawaida kwamba papa huishi kwenye maji ya chumvi na hawezi kuingia mtoni, kama sisi tusivyoweza kuishi ndani ya chungu cha uji. Jioni ile wanawake wawili walirudi na nguo zao. Kesho yake walirudi wote.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma kwamba wako papa wanaopanda mito na kwenda mbali sana na bahari. Nilifurahi kwa namna isiyo nzuri. Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja shuleni nikamkuta Mwalimu nje ya darasa.

“Mwalimu, ulituambia papa haingii mtoni.”

“Ndiyo.”

“Wako wanaoingia. Wanakwenda mpaka ndani kabisa.”

Nilingoja ajitetee. Alitazama vilima upande wa Yala, na uso wake ukabadilika taratibu kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

“Kwa hiyo wapo wanaojua ladha ya maji ya mvua,” alisema. Kisha, “Mito yetu lakini inaingia ziwani, na mle hawana njia. Au wanayo?”

“Hawana.”

“Sawa. Nashukuru.” Aliingia darasani, akawaambia watoto kwamba kwa miaka yote alikuwa akifundisha jambo lisilo la kweli bila kujua, na kwamba mwanafunzi wake amekuja kumsahihisha. Nikasimama mlangoni, ushindi wangu umeniishia mkononi.

Watu wasiotoka kwetu huenda wasijue tulivyo na mafahali. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, fahali wawili huletwa uwanjani kupigana, kila mmoja na watu wake na ngoma zake za isukuti, na jina lake la sifa linaloimbwa njia nzima. Hakuna uzio. Watu husimama karibu kiasi cha kusikia pembe zikigongana na kuona mvuke ukitoka puani. Mafahali wakigeuka, umati unafunguka na kukimbia huku ukicheka, halafu unajifunga tena.

Mwalimu alikuwa hakosi. Mume wake alifuga fahali, mtu mfupi, mkimya, aliyetembea mbele ya mnyama wake na fimbo ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Alipopita karibu na shule alisimama kwenye ua akatusikiliza.

“Huyo papa wenu anakula nini?” alituuliza siku moja.

“Samaki, mzee.”

“Hata nyasi hapati?”

“Hapati.”

“Maskini,” alisema, akaendelea na safari yake.

Ilikuwa hapo uwanjani, sisi wanafunzi wake tumemzunguka, ndipo Mwalimu alipotuonyesha alichokuwa akikitafuta muda wote. “Angalieni mlivyosimama,” alisema. “Hizo pembe zinaweza kumtoboa mtu, na nyinyi mnakula miwa. Kwa nini? Kwa sababu mnamjua. Akiinamisha kichwa hivi mnajua. Akikwangua udongo mnajua. Mnajua wa kumkimbia ni yupi na wakati gani. Papa naye akikasirika anaonyesha. Anakunja mgongo, anashusha mapezi. Wanaoishi naye wanaona. Kuogopa si vibaya, lakini kumwogopa usiyemjua ni kupoteza woga bure.”

Jumatatu alitugawa makundi. Kila kundi lilipewa aina moja ya papa na kuambiwa limwimbie sifa kama fahali. Madawati yakawa ngoma. Sisi tulipewa papa shilingi, yule mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni kama sarafu zilizomwagwa, ambaye hula vijidudu na samaki wadogo tu. Tulimsifu kwa upole wake mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kama kuna harusi. Kundi jingine lilimwimbia yule mwenye kichwa kama nyundo. Kijana mmoja aliruka juu ya dawati akitikisa mabega, akasema wake anabadilisha meno kama mtu anavyobadilisha soksi, nani mwingine Ikolomani yetu nzima ana fahali wa hivyo. Tulicheka mpaka tukalia. Nadhani siku ile ndiyo niliyoanza kusoma viumbe wa majini, ingawa vitabu vilikuja baadaye.

Alikuwa na kasoro zake, tena nyingi. Aliogopa radi. Mwanamke aliyeingia mtoni mbele ya mji mzima alikuwa akisikia ngurumo anavua miwani, saa na pete, anavifunga kwenye leso, na kukaa katikati ya darasa mbali na madirisha. Nilimuuliza radi imemkosea nini. “Radi sijaielewa bado,” alisema bila aibu. Alikula samaki kwa uchu, kichwa, macho na mapezi, akafyonza mifupa ikabaki myeupe. Tulipomtania alisema kumheshimu mtu hakumaanishi huwezi kula kwake. Hakuwa na subira na watu wazima. Mzazi akichelewa kuelewa jambo, Mwalimu alimwacha katikati ya sentensi akaenda zake.

Kuna neno alilolirudia kila mwaka kwa kila darasa. Mtu akisema papa ni mkatili, alijibu: “Hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, anakishika kwa mdomo.” Kwa watoto lilikuwa jibu zuri. Mimi, mwaka wangu wa tatu chuoni, nilimwambia ni jibu la mtu ambaye hajawahi kushikwa.

Tulikuwa tumekaa nje kwake, tukimenya njugu. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anadhani kumpinga mwalimu wake ni namna ya kumheshimu.

“Ni rahisi kumpenda papa ukiwa Iguhu,” nilisema. “Hatakufikia. Huna cha kupoteza. Mvuvi akikusikia atakucheka.”

“Atacheka, ndiyo.”

“Basi haina maana.”

“Labda haina,” alisema, akanisogezea sahani ya njugu zilizomenywa, zake zote. Ilinikera. Nilitaka tubishane.

Hilo ndilo lililokuwa limebaki kooni mwangu nilipopata ile kazi ya pwani. Nilipewa siku chache za kuamua. Katika barua ya kazi walieleza bila kuficha kwamba kijijini kulikuwa na watu walioumizwa, na mwanamke mmoja ambaye mumewe alikwenda kuvua hakurudi. Nilijiona nimesimama mbele ya mwanamke huyo, mtu wa bara, na maelezo yangu kuhusu mnyama asiye na mikono. Nikaenda kwa Mwalimu.

Alikuwa amestaafu na anaishi peke yake. Mume wake alikuwa amefariki nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Mama aliniambia kwa simu, ajali, na kwetu ukisema ajali kila mtu huona pikipiki. Nilikuwa nimetoa pole nilipofunga shule, naye akaipokea, na hatukuongea zaidi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya miwa kwa panga juu ya gogo, mdogomdogo, kama mtu anayemkatia mgonjwa chakula. Ndani ya zizi alisimama fahali mzee, mweusi anayeelekea kijivu, pembe moja imevunjika ncha. Mwalimu alimlisha kwa mkono. Mnyama alichukua majani kwa midomo, polepole, akimwangalia kwa jicho moja kubwa lenye unyevu.

“Mulembe, Mwalimu.”

“Mulembe sana. Njoo umkune. Nyuma ya sikio. Siyo hapo, chini kidogo. Ehe.”

Nilimkuna. Akaniegemea kwa uzito wote wa shingo yake, akahema hewa ya moto yenye harufu ya nyasi, na kwa muda nikasahau nilichokujia. Mawingu yalikuwa yamejaa. Kila kitu kilikuwa na ule mwanga wa kijani wa kabla ya mvua, migomba haitikisiki, na nilihisi kana kwamba tumesimama pale watatu tangu zamani sana, na tutaendelea kusimama.

Kisha nikamweleza kuhusu kazi, na kuhusu yule mwanamke.

“Nikikutana naye, Mwalimu, nimwambie nini?”

Aliendelea kukata majani. Alijaza mkono, akamlisha fahali, akangoja amalize.

“Usimwambie kitu,” alisema. “Mwulize mumewe alikuwa mtu wa namna gani.”

“Halafu?”

“Halafu sikiliza. Akimaliza, kama anataka kusikia habari za papa, atakuuliza mwenyewe.”

“Na asipouliza?”

“Mchotee maji, uende nyumbani.”

Niliona ni jibu la mtu aliyechoka. Nilitaka hoja, nikapewa adabu ya kutembelea watu. Nilifungua kinywa niseme hivyo, lakini mvua ilishuka ghafla juu ya mabati ya zizi. Mwalimu aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akatabasamu. Fahali alifumba macho. Tukangoja hivyo mpaka ilipopungua, nami nikaondoka bila kulisema.

Kazi niliichukua, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Wavuvi walinicheka, kama nilivyotabiri. Yule mwanamke nilimtembelea mara kadhaa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza swali la Mwalimu, na nilipomuuliza alizungumza mpaka adhana ya magharibi, habari za mumewe tu, alivyokuwa mvivu wa kuamka na hodari wa kukaanga mayai. Kuhusu papa hakuuliza siku ile. Aliuliza baadaye, siku yake mwenyewe.

Nilirudi Kakamega kwa likizo baada ya muda mrefu. Mama alikuwa akikunja suruali za mitumba, nami nikimsaidia.

“Ule ng'ombe wa mwalimu wenu wa samaki umekufa,” alisema. “Uzee. Na unajua alifanya nini? Aliuzika. Nyama yote ile ikaingia kwa udongo. Vijana walichimba shimo siku nzima.”

“Alimpenda.”

“Mimi sijawahi kumwelewa huyo mama. Hata mzee wake alipokufa. Mtu wa mafahali, watu wametoka mpaka Bukura kumzika, fahali yuko pale zizini amenona, na sisi tukapewa maharagwe. Mazishi ya mtu kama yule, maharagwe.”

“Kwani kwa nini hakuchinjwa?”

Mama aliacha kukunja, akanitazama kama mtu anayejiuliza nimesomea nini miaka yote ile.

“Si huyo fahali ndiye alimuua mzee. Walikuwa wanatoka uwanjani, akageuka tu. Ndugu za mzee walikuja na kamba asubuhi ya mazishi kumchukua wamchinje, wakakuta mwalimu ameingia zizini kabla yao. Amekaa chini kwa samadi na nguo zake za kuzikia, anamkuna nyuma ya sikio.”